Mpitiaji wa Nne

Wapitiaji walikuwa watatu. Lishikeni hilo tangu mwanzo, maana nawajua, nikifika katikati mtaanza kuniuliza kama nina hakika. Nina hakika. Mwenyekiti wa jopo la kupitia maombi ya ruzuku aliwatambulisha mmoja mmoja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote wako mtandaoni, kamera zimezimwa na majina yamefichwa, kama ilivyo desturi yao, ili mwombaji asijue ni nani hasa anayemchinja.

Mwombaji alikuwa mtafiti wa maji, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu kwenye taasisi alimwita Daktari. Aliomba fedha za kukifungua kisima cha zamani kilicho nyuma ya maabara, kilichozibwa kwa mfuniko wa zege kabla yeye hajazaliwa, apime kama maji yake yanaweza kunywewa tena. Pembeni yake, kwenye chumba cha mikutano, alikaa mdogo wake wa mwisho, fundi wa kushuka visimani, ambaye mafundi wenzake walimbandika jina la Kamba. Mama yao alipokuwa anakata roho alimshika Daktari mkono akamwambia maneno mawili tu: "Mdogo wako." Tangu hapo alimlea, akamsomesha ufundi, akamtia kwenye kila mradi wake. Watu wakasema ni upendeleo, naye akawajibu ndiyo, ni upendeleo, mnasemaje?

Asubuhi hiyo kazi ilikuwa kujibu maswali ya wapitiaji, na kazi hiyo ina adabu zake. Mpitiaji hapingwi. Hata akiuliza upuuzi, unamshukuru kwa swali zuri, unakubali pendekezo lake, unaahidi kulitekeleza, kisha ukishakata simu unautukana ukuta. Ndivyo Daktari alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake.

Mpitiaji wa kwanza alikuwa mstaarabu. Wa pili, lo! Yule bwana alikuja na kisu. "Sioni popote mwombaji alipoeleza atapimaje chumvi," alisema, na hali sura nzima ya andiko lake la maombi ilikuwa haina habari nyingine ila chumvi. Daktari akashukuru, akaeleza. "Bado sijaridhika. Pengine mwombaji atafute mtaalamu mzoefu amsimamie." Mzoefu! Mwanamke vidole vimebabuka kwa tindikali za maabara, leo aambiwe atafute mzoefu! Akashukuru tena. Damu ilikuwa inamchemka mpaka masikio yanavuma.

Wa tatu akauliza lake, fupi. Kisha spika ikakwaruza, na chumbani ikapita harufu ya tope bichi, tope lililofukuliwa sasa hivi, ilhali madirisha yamefungwa na nje jua linawaka. Sauti nyingine ikazungumza, taratibu, kama mtu mwenye kitu mdomoni.

"Kwenye andiko kuna mtu mmoja atakayeshuka. Napendekeza asipande tena. Akishuka, abaki na mwenyeji. Mwombaji anakubali?"

Daktari aliyasikia maneno ila hakuyasikiliza. Kichwa chake kilikuwa bado kinagombana na yule wa pili, kinamtungia majibu ambayo asingethubutu kumpa. Mdomo ukajiendea wenyewe.

"Tunamshukuru mpitiaji kwa swali hilo muhimu. Tunakubaliana na pendekezo lake na tutalitekeleza kikamilifu."

"Vyema," ilisema sauti, na mkwaruzo ukaisha. Mwenyekiti akafunga kikao, akawaambia wasubiri uamuzi.

"Dada," Kamba alinong'ona wakati wanakunja nyaya, "yule wa mwisho alikuwa anauliza habari zangu?"

"Hata sijui. Wote mbwa tu. Kunja waya twende zetu."

Asiyewahi kusubiri uamuzi wa ruzuku asijifanye anajua kusubiri. Daktari alifungua barua pepe akiwa jikoni, akiwa chooni, akiwa katikati ya kufundisha. Hasira zake kwa yule wa pili hazikupoa. Alikula nazo, akalala nazo, akaamka nazo. Ndiyo maana hakuona mapema kilichokuwa kinaendelea ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mimi hilo simsamehe, ingawa hakuna aliyeniomba nimsamehe.

Kamba alikuwa anaishi kwake. Ilianzia bafuni. Daktari alimkuta kapiga magoti, sikio kalibandika kwenye tundu la kutolea maji, bomba limefungwa.

"Umeangusha nini?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini huko, panya?"

Kamba akalikandamiza sikio zaidi. Kisha nguo zake, zilizoanuliwa juani zikiwa kavu kabisa, zikaanza kunuka tope. Kisha mto wake ukawa unaloa, na si kwa jasho, maana yale yalikuwa maji ya baridi yanayochuruzika hadi sakafuni. Daktari alidhani kijana kaanza ulevi, akamfokea kisawasawa.

Kilichomkata maini ni sauti. Walikuwa wanakula mchana, mlango uko wazi, watoto wa jirani wanapiga kelele nje, Kamba akaomba maji, na ile sauti haikutoka pale alipokaa. Mdomo ulicheza mbele ya macho ya dada yake, midomo ikatamka "maji" vizuri tu, lakini neno lenyewe lilitoka chini, chini ya meza na chini ya sakafu, likafika limechelewa, na nyuma yake likafuata mwangwi. Kamba mwenyewe hakushtuka. Alipewa maji akanywa, akaomba tena.

Alasiri moja hakuonekana kazini. Daktari akamtafuta karakana, akamtafuta stoo, mwishowe akazunguka nyuma ya maabara, kwenye majani marefu, akamkuta kalala kifudifudi juu ya mfuniko wa kisima, shavu limelazwa kwenye zege la moto.

"Ndiyo," alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo, bwana. Bado hawajaamua. Wakiamua tu, nakuja."

"Kamba! Unazungumza na nani?"

"Na mwenyeji."

"Mwenyeji gani, we mtoto?"

"Anasema usihangaike, Dada. Anasema ulikubali mwenyewe. Tena ulimshukuru."

Daktari alisimama kwenye majani yale, na lile swali likamrudia lote, neno kwa neno, napendekeza asipande tena, akishuka abaki, na jibu lake likafuata nyuma kwa sauti yake mwenyewe, ile sauti tamu ya kuombea pesa, na akamkumbuka mwenyekiti akiwataja wapitiaji watatu mwanzoni na akiwaaga watatu mwishoni. Kisha hasira zikapanda, na safari hii hazikuwa juu ya mpitiaji wa pili. Alimshika mdogo wake ukosi akamwinua.

Alimkokota hadi nyumbani, akamwita mganga aliyesifiwa mtaa mzima. Mganga alikuja na mkoba, akafukiza, akasoma, akatema mate kushoto na kulia. Kamba alikaa kwenye kiti, maji yanamdondoka kwenye ncha za vidole, tone kwa tone.

"Toka!" mganga aliamuru. "Nasema toka!"

"Kwa nini nitoke?" iliuliza sauti kutoka chini ya sakafu, kwa upole kabisa. "Sikuvunja mlango. Nimepewa."

Mganga akazima kifukizo chake kwa soli ya kiatu, akaanza kukusanya vitu vyake haraka haraka.

"Unakwenda wapi wewe?" Daktari akamzuia mlangoni.

"Mama, nipishe," alinong'ona. "Jini mwizi namfukuza. Huyu hakuiba. Amepewa kwa mdomo, na watu wanasikia. Aliyempa ndiye amnyang'anye, mbele ya wale wale waliosikia. Na iwe kabla kijana hajashuka. Akishashuka usinipigie simu, nakuomba."

Mwenyekiti wa jopo alipopigiwa alishangaa. "Kikao kingine? Daktari, nakudokeza tu kama rafiki, mambo yako ni mazuri. Usijitie kitanzi sasa."

"Niitie wapitiaji, tafadhali."

"Wote watatu?"

"Wewe ita watatu. Mwingine atakuja mwenyewe."

Wakakaa tena kwenye kile chumba, mchana kweupe. Daktari alimshika Kamba kifundo cha mkono, na mkono ulikuwa baridi kuliko bomba.

"Kuna swali nililijibu vibaya siku ile," alisema. "Nimekuja kulifuta jibu langu."

"La chumvi?" mpitiaji wa pili akacheka puani. "Nilijua tu. Nilisema tangu awali kwamba huyu mama..."

"Nyamaza!" Daktari alipiga meza. "Ile sura ya chumvi uliisoma? Hukuisoma! Hata kuifungua hukuifungua! Basi funga mdomo, sikuja kwa ajili yako."

Siku hiyo, katika maisha yake yote ya kuomba, ndiyo mara ya kwanza mwanamke huyu kumpinga mpitiaji. Halafu spika ikakwaruza. Harufu ya tope ikajaa chumbani.

"Mwombaji alikubali," ilisema ile sauti. "Kama sasa anakataa, atoe sababu."

Daktari akafungua mdomo, na sababu zikajipanga zenyewe kama alivyozoeshwa, usalama kazini, kanuni za maadili, uhaba wa vifaa, kila moja nzuri na kila moja imekwishatumika kwenye andiko fulani, na akaziona zote zilivyo, kwamba kila sababu atakayoitoa itaulizwa swali, na swali hilo litataka jibu, na jibu litazaa swali jingine, na huku wakijadiliana kistaarabu maji tayari yalikuwa yanapanda kwenye viatu vyake, yametoka wapi Mungu ndiye ajuaye, na ule mkono alioushika ulikuwa unamponyoka, hauvutwi kwa nguvu, unateleza tu kuelekea chini, na macho ya Kamba yalikuwa yameanza kutazama kama hayamjui.

"Sina sababu!" alipiga ukelele. "Ni mdogo wangu! Unataka sababu gani? Sikupi! Sikushukuru, swali lako si zuri, na usiniulize jingine! Sikupi, sikupi, sikupi!"

Spika ikapasuka pale mezani. Kamba akajikunja, akakohoa, akatapika maji meusi mapajani mwake, mengi, hadi machozi yakamtoka.

"Dada," alisema, na sauti ilitoka kinywani mwake, hapo hapo, imekauka. "Unaniumiza mkono."

Daktari hakumwachia. Alilia kwa hasira na kwa furaha, kamasi zinamtoka, mbele ya jopo ambalo halikuona kitu ila lilisikia kila kitu.

Ruzuku wakamnyima, bila shaka. Mwenyekiti alimpigia mwenyewe, akasema jopo limetilia shaka utulivu wa mwombaji. Daktari akamwambia sawa. Kamba alikuwa mbele yake anakula sahani ya tatu, na kwake hilo lilitosha.

"Kisima chenyewe hakitapotea," mwenyekiti aliongeza ili kumfariji. "Tumempa mwombaji aliyekufuatia. Anaanza mara moja."

Daktari akasimama. "Nani huyo?"

"Unajua hairuhusiwi, Daktari."

"Wapitiaji walimuuliza nini? Nipe namba yake! Nipe namba yake, wewe mtu!"

"Jazba hizi ndizo zilizokuangusha," mwenyekiti alisema kwa masikitiko. "Mwenzio alikubali kila alichoulizwa, tena kwa adabu." Akakata simu.

Walikwenda wote wawili. Kamba alikataa kubaki nyumbani, na dada yake akakataa kumwacha, basi wakabeba viti viwili vya plastiki hadi nyuma ya maabara, wakavisimika juu ya mfuniko, wakakaa. Chini yao kulikuwa na kitu kinagonga zege, bila haraka, kwa mpigo ule ule.

"Gonga," Daktari alisema, akaupiga mfuniko kwa kisigino. "Gonga mpaka mikono ikuchubuke, mshenzi wewe."

Gari likaingia. Akashuka bwana mmoja nadhifu, shati limenyooshwa vizuri, akawasalimu kwa heshima zote, akaomba radhi kwa usumbufu, akauliza kama wangeweza kumpisha. Nyuma yake alikuja msichana mwenye helmeti ya njano, amevaa mkanda wa kushukia, anatabasamu kwa kazi mpya.

"Huyo ni nani wako?" Daktari aliuliza.

"Binti yangu," alisema yule bwana, na fahari ikamjaa usoni. "Ndiye atakayeshuka."

Chini ya zege, kugonga kukakoma.