Nimeshakumenyea Ming'oko

Watu wawili wakigombana stendi ya Masasi, hakuna anayegeuza shingo. Lakini mtu akigombana na simu yake, hata wapiga debe hunyamaza wasikilize.

"Mkorosho gani huu wa kuzaa siku tatu? Haujapaliliwa, haujapulizwa salfa, unazaa tu! Nani kawadanganya nyie?"

Aliyekuwa akifoka ni Fortunatus, bwana shamba kutoka Newala, kijana mrefu aliyevaa shati la mikono mirefu lililonyooshwa pasi mpaka kola, chini viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa akisubiri gari la kurudi kwao, na simu yake ilikuwa imechomekwa kwenye chaji katika kibanda cha Violet.

Violet aliuza makava, chaja na vioo vya simu. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano, kichwani amesuka twende kilioni, na alikuwa na sauti nzuri kiasi kwamba wateja wengine walirudi kuuliza bei waliyokwisha kuambiwa.

"Kaka, huo ni mchezo tu. Mkorosho ukizaa baada ya miaka mitatu, nani atausubiri?"

"Mimi nausubiri. Ndiyo kazi yangu."

"Basi mkeo anafaidi, ana mume mwenye subira."

"Sina mke."

"Ndiyo maana unagombana na simu."

Wapiga debe waliangua kicheko. Fortunatus naye akacheka, na hapo akamtazama Violet sawasawa kwa mara ya kwanza. Akasahau mkorosho.

Mchezo wenyewe ulikuwa Shamba Tamu, wa kampuni moja ya China iitwayo Lanmu. Kampuni hiyo ilianzishwa na vijana watatu katika chumba kimoja juu ya mgahawa wa tambi. Michezo yao miwili ya mwanzo ilikufa kifo cha aibu. Walipotengeneza wa tatu wakaapa kumsikiliza kila mlalamikaji. Mtu wa Vietnam akilalamika kuhusu mpunga, wanarekebisha mpunga. Mtu wa Kazakhstan akisema farasi wao wanatembea kama mbuzi, wanarekebisha farasi. Hivyo wakapanda, wakahama chumba, sasa wana jengo zima na mgahawa wa tambi uko ndani yake.

"Waandikie," Violet alimwambia. "Au subiri, simu yako iko kwenye chaji. Nitawatumia sauti kwa simu yangu. Sema, mimi nitarudia vizuri."

Fortunatus akaeleza habari za salfa, palizi na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, Violet akazirudia kwa sauti yake. Gari la Newala likaondoka na abiria wengine. Yeye akaondoka na la mchana, akiwa na namba ya Violet.

Mapenzi yakaanza, na yakaenda mbio. Jumapili moja Violet alipanda Newala, akafika hoi kwa jua na vumbi. Fortunatus alimpeleka Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana lote huko chini. Alikuwa ametandika mkeka, na pembeni kuna bakuli lililofunikwa.

"Umechoka wewe," alisema. "Kaa hapa. Ming'oko nimeshakumenyea."

Violet alikuwa amekula ming'oko, vile viazi mwitu vya kusini, tangu utoto, na siku zote aliyemenya ni yeye: kwa mama, kwa wadogo zake, kwa wageni. Hakuna mwanamume aliyewahi kummenyea. Alikaa, akala, akageuzia uso bondeni ili machozi yasionekane.

"Una nini, mpenzi?"

"Chumvi imezidi," alidanganya.

Wiki hiyohiyo Fortunatus alianza kutafuta mshenga. Na wiki hiyohiyo Violet alipokea simu kutoka China. Alikuwa Bwana Lin wa Lanmu, aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukizungumza kwa adabu kuliko wapiga debe wote wa Masasi.

"Dada Violet, shikamoo. Malalamiko yako ya salfa tumeyasikiliza ofisi nzima. Tunaomba sauti yako iwe ya Bi Korosho, mama wa shamba letu jipya. Na maneno utunge mwenyewe, maneno ambayo mtu anamwambia ampendaye akirudi amechoka. Ila ni siri mpaka toleo litoke."

Violet alirekodi nyumbani kwa mjomba wake, Mzee Nikolao, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ndani ya kabati la nguo huku mjomba akifukuza majogoo uani. Alitunga maneno mengi, yote yakawa baridi. Kisha akasema yale ambayo hakuyatunga. China wakapiga makofi. Alimficha Fortunatus kwa furaha, akijua atamshtukiza.

Alimshtukiza kweli.

Fortunatus alikuwa Chiungutwa, mbele ya wakulima, akionyesha jinsi ya kushika bomba la salfa. Toleo jipya la Shamba Tamu lilikuwa limetoka, na simu ya mama mmoja ikaita kutoka kwenye kikapu, kwa sauti ya Violet, tamu kama ilivyo: "Umechoka wewe. Kaa hapa. Ming'oko nimeshakumenyea." Kabla hajameza mate, simu nyingine ikasema hivyohivyo. Na nyingine.

"Huyu Bi Korosho ananiliwaza kuliko mume wangu," mama yule alisema.

Fortunatus aliweka bomba chini, akapiga simu.

"Violet, maneno yale nilikupa wewe. Sikuipa wilaya nzima!"

"Si wilaya tu, mpenzi. Kenya wanayo, Burundi wanayo. Kule wanaulizana ming'oko ni kitu gani!"

"Unacheka?"

"Nilitaka nikushtukize. Ilikuwa siri ya kampuni."

"Kwa hiyo mimi na wewe tuna siri zetu, na kampuni ina zake, ila za kwetu ndizo zinauzwa?"

Violet angeomba msamaha hapo, mambo yangeisha. Lakini wateja walikuwa wamejaa, naye ana kiburi chake. "Basi chukua maneno yako, tuone utammenyea nani!"

Fortunatus akaifungia namba ya Violet na kumwambia mshenga apumzike.

Kila mmoja akapata adhabu yake. Bwana shamba akitokea Lupaso, wakulima wanamvutia kigoda: "Umechoka wewe, kaa hapa." Na Violet, kutwa nzima kibandani, simu za wateja zilimwambia kwa sauti yake mwenyewe neno zuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa, na aliyelisema hayupo. Alimpenda, na alimkosea. Akalia nyuma ya makava ya simu.

Bwana Lin akapiga tena, ana furaha. "Dada, hongera! Kwa ajili ya ming'oko, wachezaji wa Afrika Mashariki wamefurika. Tunaongeza ghorofa. Tunaomba maneno mapya."

"Nitawapa. Lakini mojawapo ni lalamiko langu."

"Sisi tumekua kwa malalamiko," alisema Bwana Lin. "Leta."

Toleo jipya likatoka. Bi Korosho, akimaliza kumkaribisha mchezaji, aliongeza: "Mwenye ming'oko, nisamehe. Maneno yalikuwa yako na sikukuomba." Bujumbura wakadhani ni fumbo la kufungulia zawadi, wakachimba mashamba yao yote. Mombasa wakaanza kumtafuta huyo mwenye ming'oko. Na Newala, mwenye ming'oko alikuwa kitandani na simu sikioni, kwa sababu tangu waachane hajalala bila kufungua mchezo, si kwa ajili ya mikorosho.

Jumamosi akatokea Masasi, nyumbani kwa Mzee Nikolao, na shati lake la pasi na kapu la ming'oko mibichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwetu mwanamume hajiposei mwenyewe. Mshenga yuko wapi?"

"Anakuja kesho, mzee. Leo nimekuja kupatana."

Mzee akachomoa simu mfukoni. "Haya, kaa. Kwanza niambie, mikorosho yangu humu mchezoni inakufa tangu walipoweka ugonjwa. Mjinga gani aliwashauri?"

Fortunatus alikohoa. Mlangoni, Violet alijiziba mdomo kwa khanga.

"Lete kisu," alimwambia bwana shamba. "Leo namenya mimi."

"Tunamenya wote." Akasogea karibu. "Violet, nina neno lingine. Hili ni lako, au la Lanmu?"

"Ni langu, peke yangu. Naapa."

Fortunatus akainama, akamnong'oneza sikioni, taratibu. Machozi yakamshuka Violet waziwazi, na mara hii hakusingizia chumvi. Akaitikia kwa kichwa mara mbili.

"Amesemaje?" Mzee Nikolao alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Mimi ndiye mjomba, lazima nijue!"

Na sisi tungependa kujua, lakini neno lile halimo kwenye simu yoyote.

"Siri ya kampuni, mjomba," Violet akajibu, akachukua mng'oko wa kwanza.