Siku Tela la Tadei Lilipoishiwa Upepo

Saa tisa mchana, siku ya Jumamosi, uwanja wa Tadei kule Mang'ula ulikuwa umetulia. Mama yake, Bibiana, alikuwa ameketi chini akipeta mchele wa jioni, na rundo la pumba lilikuwa limekua pembeni yake. Mbele ya magoti yake, kwenye mkeka, alilala mjukuu wake Merina, mtoto wa miaka miwili. Kila nzi alipotua usoni pa mtoto, bibi alimpungia ungo akaendelea na kazi. Yosefina, mke wa Tadei, alikuwa jikoni akipika mboga. Kivuli kilikuwa kipana, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hapakuwa na kelele.

Kelele yenyewe ilikuwa sauti ya upepo, ssss, iliyokuwa ikitoka chini ya tela la Tadei tangu saa mbili. Ilimkera bibi yule. Alijiona kama amekaa na nyoka, akaweka mkeka wake mbali, juani, akavumilia. Sauti ilipokwisha alimshukuru Mungu, akahamisha mkeka na kumlaza mtoto kwenye kivuli cha tela hilohilo.

Wewe unayesoma, usimcheke. Ungefanya vilevile. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Mimi naitwa Remigius, ni fundi wa breki za upepo hapa Ifakara. Madereva wanasema nina mdomo mchafu na kwamba nawagombeza kama baba mkwe. Ni kweli, nawagombeza. Lakini siku ile niliyotakiwa kugombeza, nilicheka, na habari hii yote imetoka hapo.

Tadei si mtu mbaya. Hanywi, anasali, anampenda mama yake kupita kiasi. Ana gari kubwa la zamani lenye tela nyuma yake, na kazi yake ni kubeba mpunga kutoka Mchombe na vijiji vya njia ya Mlimba kuuleta kwenye mashine za Ifakara. Ugonjwa wake ni mmoja, nao tunao wengi bondeni humu: kitu kikishafanya kazi mara mia, anaamini kitafanya milele.

Asubuhi ile gari lake lilianza kushindwa kujaza upepo wa breki. Tela lilikuwa limesheheni magunia. Akaona asihangaike nalo barabarani, aliache nyumbani ambako mama na mke watalilinda, yeye alete gari kwangu. Nyumba yake iko chini ya barabara, na uwanja unateremka kutoka upande wa milima kuelekea relini. Akarudi kinyumenyume kutoka barabarani, mkia wa tela ukaelekea nyumba. Akalifungua kutoka kwenye gari, akachomoa mipira ya upepo. Tela likatoa sauti kubwa, pshaaa, magurudumu yakakamatwa.

Mama Bibiana alikuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu," alisema, "hili dude halitatushukia?"

"Halishuki, mama. Huu mpira mwekundu nikishauchomoa, linajifunga lenyewe. Hata tembo wa mbuga waje wote, hawalisukumi."

"Na yale magogo yako ya kuzuia matairi?"

"Si yako stoo? Yosefina kapandishia magunia ili yasishike unyevu. Yaache tu, mama. Hili halihitaji gogo."

Akaondoka akipiga honi.

Sasa nivumilieni kidogo niwaeleze jambo hili, maana bila kulielewa hamtaelewa kwa nini niliogopa. Gari linalovuta tela huunganishwa nalo kwa mipira miwili ya upepo. Mpira mwekundu hujaza tangi la tela muda wote. Mpira wa pili huleta amri: dereva akikanyaga breki, amri inapita humo. Kati ya tangi na magurudumu ya tela kuna kifaa kimoja kikubwa kama ngumi mbili, sisi mafundi tunakiita rilei ya dharura. Amri ikifika, rilei inafungua upepo wa tangi la tela lenyewe, ambalo liko palepale jirani, na magurudumu yanakamatwa mara moja bila kusubiri upepo usafiri kutoka mbele kwenye gari.

Ina kazi ya pili. Mpira mwekundu ukikatika au ukichomolewa, rilei inaona mbele hakuna upepo tena. Basi haisubiri amri ya mtu. Inamwaga upepo wa tangi kwenye breki, na tela linajifunga. Imetengenezwa hivyo ili tela likichomoka safarini lisiende kuua watu. Ni kifaa cha maana sana, na Tadei hakusema uongo kwa mama yake.

Ila hakusema yote, kwa sababu hakuyajua yote. Kinachoshika magurudumu hapo ni upepo, na upepo uko ndani ya tangi. Tangi likivuja, ule mkono unaoshika unalegea kidogo kidogo mpaka unaachia. Matela ya siku hizi mengi yana springi nzito ndani ya breki, zinazokamata upepo ukiisha. Tela la Tadei ni la zamani, halina springi hizo.

Na tangi lake lilikuwa linavuja. Nilijua. Mwezi mmoja kabla ya hapo alilileta kwangu, koki ya chini ya tangi, ile ya kutolea maji, ikiwa imevunjika. Alikuwa ameiziba kwa kipande cha kandambili na kukifunga waya. Nilipokiona nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Tadei, wewe ungekuwa daktari tungekwisha." Yeye akacheka. Akaniuliza kama tela likijifunga linashika vizuri, nikamjibu linashika. Ilikuwa msimu wa mavuno, ana haraka, mimi nina magari manne yananisubiri. Nikamwacha aende na kandambili yake.

Jumamosi ile zamu ya gari lake ilifika saa nane na nusu. Niliingia chini ya gari nikafanya kazi, kisha nikauliza tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani:

"Tela umeliacha wapi?"

"Nyumbani. Lina mzigo."

"Umeweka magogo?"

"Ya nini, fundi? Limejifunga."

Nikatoka chini ya gari. "Ile koki ulibadilisha?"

"Bado. Ile kandambili inashika, inavuja kidogo tu."

"Umelifungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa saba zimepita.  Nikamwambia apige simu nyumbani, apige sasa hivi. Akanishangaa, lakini akapiga, akaweka sauti ya wazi ili nami nisikie. Iliita mara nyingi kabla Yosefina hajapokea.

"Mke wangu, ile sauti ya upepo kwenye tela bado inasikika?"

"Aa, imekwisha. Imenyamaza kitambo. Tumepumzika."

Tadei akanigeukia akitabasamu. "Umesikia? Imeziba yenyewe."

Ndugu zangu, nimewahi kuviringishwa na gari kule Uchindile, nimewahi kukimbizwa na nyati. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikisikia neno lile, imenyamaza. Kama upepo bado ungekuwa unavuja, ungekuwa bado umo tangini; sasa ulikuwa umekwisha. Nikamnyang'anya simu.

"Shemeji, ni mimi Remigius. Mtoto yuko wapi?"

"Eh, shemeji! Shikamoo. Habari za Ifakara?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na bibi yake, kalala. Na nyumbani kwako hawajambo?"

Simlaumu. Amelelewa vizuri, amsalimie mkubwa kwanza. Lakini nilipiga kelele mpaka watu wote gereji wakasimama. "Yosefina! Wamekaa wapi?"

"Pale kivulini, shemeji. Kivuli cha tela. Kuna nini?"

"Watoe! Toka ukawatoe! Tela halina breki!"

Nilisikia sufuria ikianguka. Nikasikia kandambili zikipiga ardhi na pumzi yake ikienda mbio karibu na simu. Kisha sauti yake, sasa ikiwa mbali: "Mama! Mama, tela! Tela linakuja! Mama, Merina!" Ikafuata sauti ambayo sitaieleza, ya mwanamke mzee. Halafu kishindo, na simu ikakatika.

Tadei alipiga tena. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Alikuwa anapiga huku anatembea kuelekea barabarani bila kujua anakwenda wapi, mafuta ya gari mikononi, analia kama mtoto. Tukapakiana kwenye bodaboda moja.  Aliniuliza jambo moja tu, tulipovuka mto: "Fundi, linaweza kuwa limesimama lenyewe?" Nikamgonga dereva begani aongeze mwendo. Mashamba ya mpunga yalipita pande zote mbili, watu wakivuna, na mimi niliwaonea wivu kwa kuwa hawakuwa na habari ya kusubiri.

Tulipofika, tela lilikuwa ndani ya jiko. Ukuta umelala, magunia yamepasuka, mpunga umemwagika hadi kwenye mafiga. Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Tadei aliona kitu kimoja tu. Kwenye njia ambayo magurudumu yalipita, mkeka ulikuwa umekandamizwa ardhini, umechanika, na upande mmoja una damu. Akapiga magoti.  Alibaki akiushika ule mkeka, na mimi nyuma yake nikisema moyoni, nimeua mtoto.

Ndipo mtoto akalia. Kilio kilitoka nyumba ya jirani yao, Theresia, kilio cha hasira cha mtoto mwenye njaa. Yosefina akatoka naye mgongoni, kichwa cha mtoto kimejaa pumba.

"Yu hai," alimwambia mumewe. "Damu ni ya mama."

Jinsi ilivyokuwa, Yosefina alipotokeza kutoka jikoni tela lilikuwa limeshaanza kutembea. Halikuwa na kasi, lilikuja kama mtu anayenyata, na Bibiana alikuwa amelipa mgongo. Aliposikia ukelele aligeuka akaliona juu yake. Yeye mwenyewe angeweza kupona kwa kujitupa pembeni. Badala yake aliinama, akamshika Merina mkono na mguu, akamrusha kwenye rundo la pumba. Alipotaka kuinuka, mguu wake wa kulia ulikuwa bado mkekani.

Tulimkuta kwa Theresia, mguu umefungwa kanga tatu. Tukapata gari, tukampeleka hospitali Ifakara. Madaktari walifanya waliloweza, wakamwokoa. Mguu uliondolewa chini ya goti.

Siku ya nne aliomba kuniona. Tadei alikuwa ameketi kando ya kitanda, hakuinua uso.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Kisha akamgeukia mwanawe. "Tadei, wewe ulijua kwamba ule upepo ukiisha, dude linaachia?"

"Sikujua, mama. Nilijua linajifunga tu. Nisamehe."

Akamshika mkono, akaupapasa. Halafu akanitazama mimi.

"Na wewe, fundi, ulijua?"

Ningeweza kusema mengi. Kwamba gari si langu, kwamba mteja hakuuliza, kwamba siku ile kulikuwa na kazi nyingi. Alikuwa ananitazama bila hasira, na ingekuwa heri angekasirika.

"Nilijua, mama."

"Na ile kandambili uliiona?"

"Niliiona."

"Haya," alisema. Akageuzia uso wake ukutani, na sikuitwa tena siku ile.

FUNZO

Madereva na wenye magari: rilei ya dharura imewekwa ili izuie tela lililochomoka, haikuwekwa ili ikulindie mzigo siku nzima. Ukilifungua tela, weka magogo au mawe mazito kwenye matairi, upande linakoweza kuteremkia, kabla hujageuka kwenda popote. Usiegeshe kwenye mteremko unaotazama nyumba ya watu. Koki ikivuja, nunua koki. Magogo ya gari yabaki na gari, magunia tafutieni mbao nyingine.

Ninyi wa nyumbani: sauti ya upepo kwenye tela lililoegeshwa ni onyo, na ikinyamaza yenyewe hatari imezidi. Msikae kwenye kivuli cha tela, na msijaribu kulizuia kwa mikono likianza kutembea. Ondoeni watu. Na mtu akikupigia simu akikwambia toka, toka kwanza, salamu atakusamehe.

La mwisho ni la mafundi wenzangu, na ndilo linaloniuma. Mazoea ya Tadei yalikuwa ya mtu asiyejua. Ya kwangu yalikuwa ya mtu anayejua. Ukiona hatari kwenye gari la mtu, mwambie yote, usimwambie nusu, hata kama ana haraka, hata kama ataudhika akahamia gereji nyingine. Mteja aliyeudhika hurudi akipoa. Mguu wa mama Bibiana haurudi.