Lastiki Iliyobana

Sogeeni, wenzangu, hasa nyinyi mnaopenda kuambiwa "umenawiri". Katika chumba kimoja chenye cherehani mbili na harufu ya vitambaa vipya, fundi mmoja wa nguo za kike, mjane, alikuwa akifanya kazi na binti yake wa pekee, wa miaka kumi na tisa. Mama alikata, binti akatia vifungo, redio ikiimba, na mchana ukapita kwa vicheko.

Ubaya ulikuwa midomo ya wateja. Binti alikuwa mwembamba wa kuzaliwa, lakini mzima kabisa, anapanda ngazi huku anaimba. Wao wakamwita Kijiti, wakamuuliza fundi kama anamlisha uzi. Mama alicheka nao, lakini moyoni aliungua. Yeye aliyeweza kumpendezesha kila mtu kwa kitambaa, aliona aibu kwamba wa kwake amemshinda.

Ndipo msusi wa jirani akamletea vichupa. Homoni ya kukuza, akasema, ile wanayojichoma wanyanyua vyuma, inajaza mwili. Binti aliogopa. Ili kumtoa hofu, mama alijidunga wa kwanza, pajani, akamwambia, "Nikifa mimi, wewe usichome." Hakufa. Basi ikawa kila asubuhi wanachomana kabla ya kufungua mlango. Jamani, tulikuwa wapi sisi majirani? Tulikuwa tunasifia.

Maana walinenepa kweli. Njaa iliwashika, mashavu yakajaa, na kila Jumamosi mama alipitisha futi ya kupimia kiunoni mwa mwanawe akitabasamu. Alifumua mishono, akazikata nguo za zamani za Kijiti, akazifanya vipande vya kuongezea gauni jipya.

Mwezi wa nne wa sindano, binti akalalamika kwamba soksi zinamwachia alama. Mama alitazama: mfereji mzima umeuzunguka mguu. Mtu mwingine angeona ugonjwa. Fundi aliona lastiki mbovu. Akaitoa, akatia pana zaidi. Sketi ikabana, akailegeza. Asubuhi macho ya mtoto yalikuwa yamevimba, mama akasema ni usingizi. Kila kilichomwonya, alikilegeza.

Siku binti aliposhindwa kumaliza ngazi, akihema, amekaa tangu jana bila kupata mkojo wa maana, ndipo walipokwenda hospitali. Daktari alimbonyeza ugokoni kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale. Aliuliza ni dawa gani anatumia. Mama akasema hakuna. Akaulizwa tena, akasema hakuna.

"Mama, mwambie," binti akasema. "Nakuomba."

Vichupa vikatolewa mkobani. Daktari alivigeuzageuza.

"Sijui kilichomo humu, na aliyekuuzia hajui," alisema. "Lakini homoni ya kukuza haichezewi. Inazuia maji mwilini, inaweza kupandisha sukari. Ongezea hapo unene na presha, na mzigo wote huo unaangukia figo. Za mwanao zimechoka, mama. Itabidi damu yake isafishwe kwa mashine."

"Chukua figo yangu umpe," fundi akasema. "Chukua zote mbili. Mimi nimeshaishi."

Walimpima siku tatu, na siku zote tatu alikuwa na tumaini moja tu, kwamba mwili wake utalipa kosa lake. Majibu yalipotoka, daktari alimkalisha chini kwanza. Sukari yake imepanda, presha imepanda, na figo zake mwenyewe zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Hakuna cha kumpa mtoto. Fundi aliikumbuka ile sindano ya kwanza ya pajani, ya kuondoa hofu, akalia mpaka wagonjwa wengine wakageuza nyuso.

Sasa binti analala kwenye mashine mara tatu kwa wiki, akingoja figo ya mtu asiyemjua. Maji yamemtoka, nguo zinamning'inia.

"Mama," alisema juzi, "gauni hili limekuwa kubwa. Nipe lile langu la zamani, la Kijiti."

Mama aligeukia cherehani, akajifanya anatafuta. Gauni lile halipo. Alilikata vipande kwa mkono wake.

Funzo

Wazazi wenzangu, mtoto mwembamba mwenye afya hana ugonjwa wa kutibiwa. Ugonjwa uko kwenye ndimi zetu. Unene si uzima. Homoni ni dawa ya daktari, si ya msusi wala ya wanyanyua vyuma. Mwili ukivimba, alama ya soksi ikizama, mkojo ukipungua, usilegeze nguo, nenda ukapimwe, na ukiulizwa umetumia nini, usifiche. Maji yakimwagika hayazoleki. Na wewe unayepita mlangoni kwa mtu ukimtania mwanawe, ujue nawe umeshika ile sindano.