Mbegu ya Watu wa Sweta

Nyumbani kwa shangazi Regina, mtaani Ilomba, kazi ya kwanza ya Kulwa kila asubuhi haikuwa kufagia wala kuosha vyombo. Ilikuwa kuvaa sweta aliyopewa na shangazi. Binti huyu alikuwa ametoka Usangu, bondeni kwenye joto, ambako ng'ombe wenyewe hutafuta kivuli jua likipanda kidogo tu. Baridi ya jiji la Mbeya ilimwonea bila huruma.

"Vaa kwanza, ndipo unisalimie," shangazi alimwambia akipuliza mkaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Funga na vifungo vyote. Ukiugua hapa, baba yako atasema nimekutesa."

Kulwa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa amemaliza darasa la sita na kuja Mbeya kwa likizo ya Desemba, akimwacha pacha wake Doto nyumbani kuchunga. Kwa shangazi aliishi pia kaka yao Ezekiel, aliyekuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha pale jijini. Katika ukoo wote, Ezekiel ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika chuo, na baba yao, Mzee Nkuba, alihakikisha kwamba hakuna mtu kijijini asiyelijua hilo. Simu ya Ezekiel ikiingia, mzee aliiweka sauti ya nje na kuwaita majirani. "Njooni," alikuwa akisema, "msomi wetu anaongea."

Si vibaya mzazi kujivunia mwanawe. Lakini sifa ikizidi, anayesifiwa huanza kuona aibu kusema neno dogo kama "sijui". Hapo ndipo Ezekiel alipokuwa amefika.

Ijumaa jioni baba alipiga simu. Kulwa, aliyekuwa akimenya viazi, alisikia mpaka kikohozi cha Mzee Kalinga, jirani yao.

"Msomi wetu," alisema baba, "mvua imeanza kunyesha huku. Mimi na mzee mwenzangu tunataka kubadilisha mbegu ya mahindi. Tupande ipi?"

Ezekiel hakujua lolote kuhusu mbegu. Alikuwa anasomea uhasibu.

"Nipe dakika mbili, baba."

Aliandika kwenye simu maneno machache: mbegu bora ya mahindi Mbeya. Akafungua ukurasa uliotokea juu kabisa, akasoma mstari wa kwanza, akampigia baba na kumtajia jina la mbegu kwa sauti nzito ya mtu mwenye hakika. Kule upande wa pili watu waliguna kwa kuridhika.

"Umesikia Kalinga?" baba alisema. "Kesho tunakwenda dukani. Mvua ikitulia tunapanda shamba lote."

Simu ilipokatika, Kulwa aliuliza, "Kaka, umesoma yote?"

"Ya nini? Kinachokaa juu ndicho kizuri. Kingekuwa kibaya kisingekuwa cha kwanza."

Kulwa aliendelea kumenya viazi. Shamba lile ndilo lililowalisha mwaka mzima, lakini kaka yake ni mtu wa chuo, naye darasa la saba hata hajaligusa. Angesema nini?

Kesho yake shangazi alikwenda sokoni Mbalizi mapema. Ezekiel alikuwa na somo la maktaba, ambalo wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza walitakiwa kuhudhuria, na hakutaka kumwacha mdogo wake peke yake. Wakaondoka pamoja.

Kulwa hakuwahi kuona vitabu vingi kiasi kile mahali pamoja. Alipita kati ya rafu akivisoma majina mgongoni, na moyo wake ulijaa furaha. Vyote hivi kaka yake anaruhusiwa kuvisoma!

Mkutubi aliitwa Madamu Amna, mwanamke mfupi wa Kiislamu ambaye babu yake alifika Mbeya kuuza vitambaa na hakurudi tena pwani. Watu hudhani wakutubi hunong'ona. Huyu alizungumza hata waliokaa nyuma kabisa wakaacha kusinzia.

"Mgeni akikubishia hodi," alianza, "unamfungulia tu aingie mpaka chumbani?"

"Hapana, Madamu," wanafunzi walijibu.

"Unamuuliza kwanza. Wewe nani? Umetoka wapi? Lini? Unamtafuta nani humu? Basi kila andiko, liwe kitabu au liwe kwenye simu yako, ni mgeni mlangoni. Nyie mnawafungulia wote. Wengine wameshalala vitandani mwenu na majina yao hamyajui."

Wanafunzi walicheka. Madamu Amna akawapa kazi. Kila mmoja achukue jambo alilomwambia mtu wiki ile baada ya kulisoma kwenye simu, alitafute tena, alihoji kama mgeni.

Ezekiel alitabasamu. Alikuwa na jambo zuri la kuonyesha. Alifungua ukurasa wa mbegu, naye Kulwa akasogeza kiti.

"Wewe nani?" Ezekiel aliuliza kwa utani. Alitafuta jina la mwandishi, hakuliona. Kulikuwa na tangazo la muuzaji tu. "Lini?" Tarehe haikuwapo. Tabasamu likapungua kidogo. "Umetoka wapi? Eeh, hapa imeandikwa Mbeya. Sisi ni mkoa wa Mbeya. Hilo limepita."

Kulwa alikuwa ameshuka chini ya ukurasa, kule ambako kaka yake hakufika jana. Kulikuwa na picha ya wakulima wakicheka mbele ya mahindi marefu.

"Kaka, hawa watu wamevaa sweta."

"Sasa?"

"Nyumbani kwetu nani ana sweta?"

Ezekiel aliiinamia picha. Kulwa alisoma maneno yaliyo chini ya picha, polepole, kidole kikifuata mstari: mbegu hii hustawi maeneo ya mwinuko yenye baridi na mvua za muda mrefu, na huchelewa kukomaa.

Haikuwa habari ya uongo. Kwa watu wa milimani ilikuwa kweli tupu. Lakini Mbeya ni jina la milima yenye ukungu, na ni jina la mkoa wenye bonde la Usangu pia, ambako mvua huondoka mapema kama mgeni aliyeudhiwa. Mahindi yanayochelewa yangekauka kule kabla hayajabeba.

"Nani kasema sweta?" Madamu Amna alikuwa amesimama nyuma yao.

Kulwa alisimama kwa adabu. "Shikamoo Madamu. Ni mimi. Mgeni huyu hatutafuti sisi. Anawatafuta watu wa kwenye baridi."

Madamu Amna alimtazama, kisha akawaita wanafunzi wote wasogee. "Mtoto huyu amefika swali la nne," alisema. "Wengi wenu mmeishia la kwanza."

Ezekiel hakujali aibu ile. Alikuwa anamuwaza baba. "Madamu, leo baba anainunua. Tupande ipi basi?"

"Mimi sijui kulima, mwanangu. Ila najua wanaojua wamekaa rafu ipi. Njooni."

Aliwaonyesha jinsi ya kutafuta kwenye kompyuta ya maktaba, kisha akawaacha waitafute rafu wenyewe. Walipata kijitabu cha watafiti wa kilimo, kina majina na mwaka, kimezigawa mbegu kwa kufuata mwinuko wa ardhi. Kulwa aliipata Usangu kwenye ramani: bondeni, mbegu za muda mfupi.

"Kizuri," alisema Madamu Amna. "Lakini tazameni mwaka. Ni cha zamani. Cha zamani si lazima kiwe kibaya, ila kinahitaji shahidi."

Wakatafuta tena, wakapata kingine kipya, cha waandishi wengine. Nacho kilisema vilevile.

"Na kijijini kwenu afisa ugani yupo?"

"Yupo," alisema Kulwa.

"Basi baba naye asiwaamini nyie tu. Akamuulize."

Ezekiel alitoka nje na simu mkononi, akasimama barazani bila kubonyeza kitu.

"Piga," alisema Kulwa.

"Ataweka sauti ya nje. Watu wote watasikia kwamba msomi wao amekosea. Unajua baba atajisikiaje?"

Kulwa alijua. Naye aliumia, kwa sababu alimpenda kaka yake na aliipenda sauti ya baba anapojivuna. "Atajisikia vibaya leo," alisema. "Tukinyamaza, atajisikia vibaya mwaka mzima, na Mzee Kalinga pia."

Ezekiel alipiga, naye akaweka sauti ya nje ili Kulwa asikie. Kelele za dukani zikasikika, na kweli, hata kule baba alikuwa ameweka sauti ya nje.

"Msomi wetu! Tuko dukani, Kalinga ameshika mfuko."

"Baba, mwambie aurudishe. Nilikosea. Sikusoma mpaka mwisho. Mbegu ile ni ya milimani, huko kwetu haitakomaa. Kulwa ndiye aliyeona."

Mzee Kalinga akasema kitu kuhusu vijana na simu zao, na mtu akacheka.

"Na hayo ya sasa," baba aliuliza taratibu, "ameyasema nani? Na ameyasema kwa shamba la wapi?"

Ezekiel na Kulwa walitazamana. Madamu Amna, aliyekuwa mlangoni, alitikisa kichwa kwa furaha. "Huyo baba yenu," alisema, "angekaa mbele kabisa darasani kwangu."

Ezekiel alimweleza yote: majina, miaka, ramani. Baba alitoka pale moja kwa moja akamtafuta afisa ugani, naye akayathibitisha. Mbegu ya muda mfupi ikaingia ardhini.

Mwaka ule mvua ya Usangu iliondoka mapema, kama kawaida yake. Ezekiel aliporudi nyumbani kwa Pasaka, mahindi yalikuwa yameshabeba na kukauka vizuri, ya kwao na ya Mzee Kalinga. Majirani walikaa uani wakila, na Mzee Nkuba akasimama, maana huyu mzee hawezi kufurahi akiwa amekaa.

"Nilikuwa nadhani msomi ni mtu asiyeshindwa swali," alisema. "Ndiyo maana mwanangu aliogopa kuniambia hajui. Kosa lile lilikuwa letu wawili. Sasa nawaambieni, watoto mliopo hapa: ukiambiwa jambo, muulize aliyesema ni nani, na alikuwa anawasemea akina nani. Na ukigundua umekosea, sema mapema, mbegu ikiwa bado mfukoni. Siku Ezekiel aliposema 'nilikosea' mbele ya duka zima, ndiyo siku niliyojua ada yangu haikupotea."

Ezekiel alitazama chini, lakini alikuwa anatabasamu.

"Na huyu," baba aliongeza, akimshika Kulwa bega, "ni msomi wangu wa pili."

"Baba, mimi bado sijafika chuo."

"Sweta ya msomi umeshapata."

Watu wakacheka sana. Lakini Mzee Nkuba hakuwa anatania. Sweta ile Kulwa aliyopewa na shangazi Regina, mzee ameitundika ukutani sebuleni, palepale mgeni anapoiona akiingia. Wageni hawakosi kuuliza, joto lote hili, sweta ya nini? Hapo mzee husogeza kiti, hukohoa kidogo, na kumwita Kulwa aje asimulie mwenyewe.