Placida Hakula Maharagwe

Mwaka 1954, mama yangu Placida aliolewa na baba yangu Felisiani, huko Kiruruma. Nasema mapema kwamba ni mama yangu. Nikimpendelea kidogo, mnisamehe.

Placida alitoka Rugu. Kwao walilima migomba na kahawa. Walikula ndizi na maharagwe. Maziwa waliyaona mara chache. Kwa akina Felisiani walifuga ng'ombe. Kwao maziwa yalikuwa chakula, tena yalikuwa heshima.

Asubuhi ya kwanza, mama mkwe wake, Kokwijuka, alimletea maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Yalikuwa katika ekyanzi, chombo cha mti kilichofukizwa moshi wa nyasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa yote. Nataka unenepe."

Placida akanywa yote. Muda si mrefu tumbo likaanza kunguruma. Likamkata. Akakimbilia vichakani, akaharisha. Kesho yake ikawa vilevile.

"Usijali, utazoea," alisema Felisiani.

Siku ya kumi ilifika. Hakuzoea.

Sasa, wafugaji wale walikuwa na mwiko. Aliyekula maharagwe hanywi maziwa siku hiyo. Akinywa, ng'ombe watadhurika. Walikwenda kanisani kila Jumapili, lakini mwiko ulibaki palepale. Na wiki hiyohiyo ng'ombe mmoja akavimba kiwele. Kokwijuka akaunganisha mambo mawili, akapata jibu la uongo.

"Unakula maharagwe kwa siri!" alimwambia Placida.

"Mama, haki ya Mungu sijala!"

"Tumbo lenyewe linasema. Nalisikia nikiwa mlangoni!"

"Hata mimi sijui lina nini."

"Basi mimi najua. Jumapili baba yako aje akuchukue. Siwezi kuua ng'ombe kwa sababu ya ulafi wa mtu."

Ujumbe ukapelekwa Rugu. Njiani ulisimuliwa kwa kila aliyetaka kuusikia. Jamani, bibi harusi wa siku kumi, kuitwa mlafi wa maharagwe! Placida alilia mpaka macho yakavimba. Hakutaka kuondoka. Alimpenda mumewe.

Alhamisi Felisiani alimpeleka kwenye zahanati. Mhudumu wa pale, dresa Elpidius, aliwasikiliza bila kucheka.

"Maumivu yanaanza lini?" aliuliza.

"Nikishakunywa maziwa."

"Usipokunywa?"

"Nakuwa mzima kabisa."

"Kwenu Rugu wako wengine wa hivi?"

Placida akafikiri. "Kaka yangu. Na shangazi. Lakini maziwa ya mgando wanakunywa kidogo."

Elpidius akamgeukia Felisiani. "Bwana, nimeona wengi wa namna hii. Maziwa mabichi hayapatani nao. Kwa nini, sijui. Hata daktari wangu hajui. Lakini maharagwe hayahusiki."

"Mama hatakubali," alisema Felisiani.

"Basi aone mwenyewe. Mkeo ashinde na kulala kwa mama. Ale anachopewa na mama tu, pasiwe na maharagwe wala maziwa. Kesho yake asubuhi mama ampe maziwa kwa mkono wake."

Kokwijuka alikubali haraka. Alikuwa na hakika atashinda. Ijumaa nzima hakumwacha Placida hata hatua moja. Hata msalani alimfuata. Alimpa ndizi za kuchemsha tu. Jumamosi asubuhi akampa maziwa, akaketi mbele yake.

Tumbo likanguruma. Placida akajikunja kwa maumivu.

Kokwijuka akaipokea ekyanzi. "Lakini hukula kitu," alisema polepole. "Nilikuwa nawe." Kisha akaongeza, "Na yule ng'ombe kiwele kimeshapungua chenyewe. Si kwa sababu yako."

Leo sababu inajulikana, na mimi mwalimu mstaafu nitaieleza. Maziwa yana sukari yake. Mtoto mchanga ana kitu tumboni cha kuivunja sukari hiyo. Kwa watu wengi duniani, kitu hicho hupungua wanapokua. Basi sukari haivunjwi, na tumbo linachafuka. Maziwa ya mgando yana nafuu, kwa sababu sehemu ya sukari yake imeshaliwa na vijidudu yalipokuwa yakiganda.

Mbona basi Kokwijuka alikunywa vizuri? Watu husema wafugaji wamezoea. Sivyo! Mwili hauzoei hivyo, hata unywe mtungi. Zamani sana walizaliwa watu wachache ambao kitu kile hakikupungua. Palipokuwa na ng'ombe, njaa ilipoingia, hao walikunywa maziwa wakapata nguvu. Wenzao walikunywa wakaharisha, na wengine wakafa. Waliopona walizaa watoto wengi zaidi, wakawarithisha matumbo yao. Vizazi vingi vikapita. Polepole wenye matumbo hayo wakawa wengi. Hakuna aliyekaa akapanga. Maisha yenyewe ndiyo yaliyochuja. Wataalamu wanauita mchujo huo uteuzi asilia.

Penye migomba, tumbo la namna hiyo halikumpa mtu faida kubwa. Kwa hiyo halikuenea sana. Lakini msikosee: hata kwa wafugaji wapo wasioweza, na kwa wakulima wapo wanaoweza. Hakuna tumbo bora kuliko jingine. Kila moja lina historia yake.

Kokwijuka hakujua hayo yote. Alijua jambo moja tu: alikuwa amemsingizia mtoto wa watu.

Jumapili, baada ya ibada, baba yake Placida, mzee Rweyemamu, alifika na ndugu zake watatu. Alikuwa na hasira. Hakutaka hata kuketi.

"Nimekuja kumchukua mlafi wangu," alisema.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Kokwijuka, aliyekuwa ameambiwa na Felisiani habari ya maziwa ya mgando, akatoka nayo. Akampa Placida mbele yao, kwa mikono miwili. Placida akanywa kidogo kidogo. Watu wakasubiri. Tumbo likatulia.

"Kuanzia leo atakunywa haya, na ndizi atapikiwa," alisema Kokwijuka. Sauti yake ilikuwa chini. "Hakula maharagwe. Nilimsingizia."

Rweyemamu akawaonyesha kwa kidole majirani waliosimama nyuma.

"Mama Felisiani, wale hawakusikia. Na ndio walioeneza."

Kokwijuka alikuwa mwanamke mwenye kiburi, nyanya yangu huyo. Alivuta pumzi. Akamshika Placida mkono, akawageukia watu.

"Mwanangu hakula maharagwe!" alisema kwa nguvu. "Mimi ndiye niliyekosea!"