Vipimo vya Chumba cha Watoto

Kila siku ya shule, kabla ya kengele kulia, Chiriku alipita kwanza kwenye chumba cha watoto wadogo pale shuleni. Alisoma kipimajoto kilichotundikwa ukutani, akaandika namba kwenye daftari, kisha akakimbilia darasani. Alirudi saa sita, na mara ya mwisho saa tisa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na wenzake walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Kazi hiyo alipewa na mama yake, fundi mwashi. Chumba kile alikijenga mama mwenyewe, kwa matofali ya udongo, upenu mrefu na matundu ya hewa juu ya kuta, ili watoto wapate ubaridi bila feni. Sasa alikuwa anatafuta cheti cha utaalamu wa majengo yanayotunza mazingira. Miaka miwili alikuwa akisoma kila alipopata upenyo, mikono ikiwa bado na vumbi la saruji. Mtihani wa kuandika ulimwangusha, akaurudia, akafaulu. Kilichobaki ni vipimo vya joto vya siku thelathini za masomo, mfululizo, kutoka jengo alilolijenga.

“Mwanangu, mimi nashinda kazini ng’ambo ya mji,” alimwambia. “Hapo macho yangu ni wewe.”

“Ondoa shaka, mama. Hilo dogo!”

Siku ishirini na moja za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha mazoezi ya mpira wa pete yakaanza, kila siku saa tisa kamili. Siku ya kwanza Chiriku alisahau kupima. Akatazama namba ya jana, akaandika ishirini na sita. Hakuna aliyeuliza. Siku ya pili hakusahau. Aliacha kwa makusudi. Siku thelathini zilipotimia, vipimo tisa vya mwisho vya saa tisa vilikuwa vimetoka kichwani mwake.

Jumamosi mama aliketi mezani na fomu. Akasoma kwa sauti sentensi ya mwisho: “Nathibitisha kwamba vipimo vyote hivi ni vya kweli.” Akachukua kalamu.

Chiriku akamshika mkono. “Mama, usitie saini.”

“Kuna nini?”

“Namba tisa nimezibuni. Za saa tisa. Nilikuwa mpirani.”

Mama akaiweka kalamu chini taratibu. Hakufoka, afadhali angefoka. Akamsogezea daftari. “Nionyeshe ni zipi.”

Chiriku akazigusa moja moja kwa kidole, machozi yakidondokea karatasi.

“Huwezi kupeleka zile zilizobaki, mama?”

“Wanataka siku zote. Na mwisho wa kupeleka ni keshokutwa. Awamu nyingine ni baada ya miezi sita.” Mama akaikunja fomu. “Haya. Tutaanza upya.”

Jumatatu Chiriku alimwomba mwalimu wa michezo ruhusa ya kuchelewa dakika kumi, akafungua ukurasa mpya. Saa tisa kipimajoto kilionyesha thelathini na mbili. Akadhani macho yanamdanganya. Akakifuta kwa kiganja, akasoma tena. Thelathini na mbili. Kwenye mikeka watoto walikuwa wamelala huku wametota jasho, na mmoja alilia kinyonge, kama aliyechoka hata kulia.

Jioni alimweleza mama. Kesho yake mama aliomba ruhusa kazini, akaja na ngazi. Matundu yote ya upande wa magharibi, unakopiga jua la alasiri, yalikuwa yamezibwa kwa mbao.

“Njiwa walikuwa wanatuchafulia chumba, fundi,” mlezi wa watoto alisema kwa aibu. “Tukaziba wiki mbili zilizopita. Hatukujua kama ni kosa.”

Mama aling’oa mbao, akaweka wavu wa waya. Siku mbili baadaye kipimo cha saa tisa kilikuwa ishirini na saba.

Awamu ya pili ilipofika, mkaguzi, mwanamke mkavu wa maneno, alikuja kukagua chumba. Akalipekua daftari, akasimama ukurasa wa kwanza wa vipimo vipya. “Thelathini na mbili? Wengi wangeifuta hii.”

Mama akamweleza yote, na zile namba tisa pia. Chiriku alitazama sakafu. Mkaguzi alipanda ngazi, akaugusa wavu, akashuka, akaitia muhuri fomu ya mama.

“Hongera, mtaalamu,” alisema.

Walipotoka nje, Chiriku alinong’ona, “Mama, nimekupotezea miezi sita.”

“Umenipotezea kweli,” mama alijibu. Akasimama, akamshika bega. “Sikiliza, mwanangu. Kipimo si cha kumfurahisha mtu. Ni cha kumwambia fundi palipoharibika. Ukikosa kupima, andika kwamba hukupima. Miezi sita nitaisahau. Lakini ningetia saini ile, watoto wale wangeendelea kuungua humo ndani, karatasi yangu ikisema wako kwenye ubaridi. Hilo nisingelisahau maisha yangu yote.”