Kikombe Chini ya Sanduku la Stima

Mkiniuliza kwa nini ukoo wetu hautajwi kwa sauti huko Suneka, nitawaambia, lakini nitawaambia nikiwa nimeinamisha kichwa. Haya hayakumpata mtu baki. Yalimpata baba mdogo Nehemiah, mdogo wake baba yangu, mwaka wa tisini na nne, tena mchana kweupe.

Baba mdogo alikuwa karani mjini Kisii, na ndiye wa kwanza kwetu kuvuta stima. Fundi alimfungia sanduku ukutani sebuleni, lenye swichi ndogo zilizopangwa safu moja: ya taa, ya soketi za sebuleni, ya jikoni. Akamweleza kwamba kila swichi inalinda waya zake, na waya zikibebeshwa mzigo kupita kiasi, swichi inaanguka yenyewe ili nyumba isiungue. Baba mdogo aliitikia ndio, ndio, kumbe macho yako kwenye balbu. Mtu na stima mpya, utamwambia nini asikie?

Ng'ambo ya ua aliishi nyanya Nyanchera, mke wa mwisho wa babu, mjane asiye na mtoto. Baba mdogo hakuwahi kumwita mama. Alimwita kwa jina, kama mtu wa sokoni. Nyanya hakuwa wa kanisa. Ijumaa alasiri, wakati sisi Wasabato tunapiga pasi nguo za kesho na hakuna anayemtembelea mwenzake, yeye ndipo alipokuja. Alipenda lile sanduku. Alizigusa swichi kwa kidole gumba, akicheka.

"Kwa hivyo jua umelifungia humu, Nehemiah?"

Kwetu mgeni haondoki bila chai. Mama mdogo Edinah, mke wake, aliacha pasi ikipata moto jikoni, akaweka birika kwenye jiko la stima la koili. Tak. Swichi ya jikoni ikaanguka.

Ijumaa iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata tena. Siku nyingine zote stima ilitulia.

"Ni mguu wake," baba mdogo alinong'ona. "Akiingia tu, inazima."

Angenong'ona nyumbani tu, labda ningemsamehe. Alikwenda kuyasema sokoni, mbele ya vijana wasio na kazi, na miaka ile neno mchawi lilitosha kumwua mtu. Vijana walikuja Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya nyasi. Haikuchukua muda kuteketea.

Alitoka akiwa hai, mikono imejaa majivu, akaja moja kwa moja mlangoni kwa baba mdogo. Akabisha.

"Nehemiah, waambie wananionea."

Baba mdogo alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Hakufungua. Naona aibu hata kulitamka, kwa maana damu yake ndiyo yangu. Nyanya aliondoka kwa miguu kwenda kwa ndugu zake, huko Birongo.

Kesho yake, Ijumaa, mzee wa kanisa Manasseh alikuja kuombea nyumba, kumshukuru Mungu kwamba uovu umeondoka. Mama mdogo akaacha pasi ikipata moto. Akaweka birika.

Tak.

Mzee Manasseh alikuwa bado amefumba macho. Aliyafumbua taratibu. Mama mdogo aliinuka, akachomoa pasi, akapandisha swichi. Ikakaa. Akachomeka pasi. Tak. Akarudia. Tak.

"Ni pasi na koili," alisema kwa sauti ya chini. "Mzigo umezidi. Ni sisi, Nehemiah. Alikuwa anakuja tu kunywa chai."

Mzee Manasseh alichukua kofia yake akaondoka bila kumaliza ombi.

Baba mdogo alikaa wiki nzima akijipa moyo, ndipo akaenda Birongo kuomba msamaha. Alikuta kaburi la udongo mbichi. Kifua, walimwambia; moshi ulimkaa. Hakuna aliyempa mkono.

Aliporudi alimwita fundi aziondoe kabisa waya za jikoni. Mama mdogo akarudia kuni. Swichi ilibaki pale ukutani, haijaunganishwa na kitu chochote.

Ijumaa ikafika. Mvua ilinyesha. Jirani yao Gesare aliingia kujikinga, akamiminiwa chai.

Tak.

Walitazamana. Baba mdogo alisogea ukutani. Swichi ya jikoni ilikuwa chini. Juu yake palikuwa na alama. Ya kidole gumba. Ya majivu.

Aliipangusa. Akaipandisha. Mama mdogo akamimina kikombe kingine. Tak. Alama imerudi.

Mimi niliyaona mwenyewe mwaka wa tisini na nane, nilipokwenda kuwasalimia. Ilikuwa Ijumaa. Mama mdogo alimimina chai vikombe vinne, na sisi tulikuwa watatu. Cha nne alikiweka kwenye kigoda, chini ya sanduku la stima. Baba mdogo alisimama akiwa ameuelekea ukuta.

"Karibu chai, mama," alisema.

Swichi haikuanguka. Tulikunywa chai. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyekaribia kigoda. Nilipokusanya vyombo, kikombe cha nne kilikuwa kitupu, na kwenye mkono wa kikombe palikuwa na alama ya kidole gumba, ya majivu.

Nilikisugua kwa sabuni. Nikakisugua kwa mchanga.

"Acha," mama mdogo aliniambia. "Haitoki. Vikombe vya wenye nyumba vyote viko hivyo." Akanifungulia kabati nione.

Kisha nikakigeuza kikombe nilichokuwa nimenywea mimi. Nacho kilikuwa na alama.